Rehani ya Uani Kwangu

Kosa ninalolikiri hapa ni kuhukumu upesi, tena mbele za watu.

Siku ya harusi ya binti yangu, hapa Mji Mkongwe, jirani yetu mtunga vikuba alituletea sinia lake: asmini na rehani zilizofungwa vishada vya kupachikwa vifuani mwa wanawake. Nilipofunua jani la mgomba, uvundo ulinipanda puani. Mashangazi wakisikia, nilimwambia kwamba ametuletea maua ya jana. Nilijua uzito wa neno hilo. Likitoka nje ya mlango, hapana bibi harusi wa mtaani atakayevaa tena kikuba chake.

Hakupandisha sauti. "Mwalimu, asmini ya jana hunyauka, hainuki hivi. Vitabu vyako havina pua?"

Mashangazi wakacheka ndani ya kanga. Akafumua kikuba kimoja, akachomoa kijiti cha rehani na kunionyesha wadudu bapa, kunguni wa mimea: wachanga wasio na mbawa, na mmoja mpevu. Alipomgusa mmoja mchanga kwa ncha ya sindano, tone dogo lilichomoza mgongoni na uvundo ule ule ukaenea. Akampindua mpevu. Huyu alinuka kutoka chini ya kifua, karibu na miguu. Mgongoni, chini ya mbawa, yalibaki makovu tu ya matundu ya uvundo ya utotoni.

Kwenye jani ilinata ngozi iliyovuliwa, nyepesi kuliko ganda la kitunguu. Nilikuwa nimesoma kwamba mdudu huyo anapojivua huacha hata utando wa ndani wa tezi zake za uvundo; lakini kuona, sikuwahi. Kiumbe asiyefika ukubwa wa ukucha huhamisha silaha yake kutoka mgongoni hadi kifuani, kwani mbawa zitakuja kuufunika mgongo, na hakuna anayemwelekeza. Subhanallah. Kwa muda niliisahau harusi.

Kisha nikauliza, bado kwa ukali, rehani ile imetoka wapi.

"Uani kwako, Mwalimu. Ulinipa mwenyewe, ukasema umeshaikung'uta."

Ni kweli, nilimpa na kusema hivyo, kwa kutaka binti yangu avae rehani ya kwao. Sikuikung'uta.

Nilimtaka radhi pale pale, mashangazi wale wale wakisikia. Yeye alikwishaketi mkekani, anafumua, anakung'uta, anafunga upya, kimoja baada ya kimoja. Binti yangu alitoka akinukia, na kwa hilo wa kushukuriwa ni mmoja: jirani yangu, mtunga vikuba.