Mwambie Arudi

Ukitaka kucheka, cheka sasa tumalize. Haya ninayokueleza sikusimuliwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, yakaanza saa nane mchana, tumbo limeshiba na akili iko mahali pake.

Kwanza unijue. Mimi ni mtu wa kushuku. Marehemu mama alikuwa akisema kwamba hata padri akinipa hostia nitaigeuza kwanza nione upande wa pili. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Basi mimi zangu nilizikung'uta kila siku. Ndiyo maana mdogo wangu Furaha, ndoa yake ilipokaribia, alinituma mimi kijijini Runingu kuangalia nyumba ya zamani ya mkoloni wa pamba. Alitaka picha za ndoa kwenye ngazi zake na bustanini. "Yaya, weye ndiye hawawezi kukudanganya," aliniambia. Yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

Nilimkuta mzee mmoja akifagia majani chini ya jakaranda. Hana viatu, lakini suruali imepigwa pasi mpaka mstari umesimama. Nikajiuliza, mtu wa kufagia, pasi ya nini?

"Karibu, mugeni," akasema. "Minye ndiye naonyesha nyumba."

Akanionyesha baraza, vigae vya sakafuni, mawaridi yaliyogeuka pori, na birika la mawe walimoogelea samaki wekundu zamani. Alieleza vizuri mno. Na mtu anayeeleza vizuri mno, anataka nini? Nilishika simu yangu ndani ya mfuko muda wote, sikuitoa hata kupiga picha ya kumwonyesha Furaha.

Nilipoaga, aliweka ufagio chini akanisindikiza. Sawa, ndiyo adabu yetu. Mwenyeji hamwachi mgeni mlangoni, humsindikiza mpaka mgeni mwenyewe aseme, "Inatosha, rudi." Wewe unajua hivyo, hata mimi najua. Lakini niliona nikifungua mdomo tu, ataniomba kitu. Nikaufunga. Tukapita miti ya mwisho, tukapita mashamba ya mihogo, tukafika barabara kubwa, naye bado yuko nyuma yangu, hatua mbili, kimya. Mara moja tu alisema taratibu, "Mugeni, jua iko inaenda." Nikajifanya sikusikia. Nikapanda pikipiki, nikaondoka bila kugeuka.

Jioni, nyumbani Rugenge, Furaha alitoka kumwaga maji akarudi haraka.

"Yaya, ule muzee ulikuja naye, mbona haumwambie aingie?"

"Muzee gani?"

"Ule iko anasimama ku mulango. Suruali ya pasi, hana viatu. Miguu yote vumbi."

Nilitoka. Sikuona mtu. Lakini niamini: nikipiga hatua, nyuma yangu nasikia hatua za miguu mitupu. Nikisimama, nazo zinasimama. Niliogopa, sioni aibu kusema. Na Furaha, aliyeniamini kuliko watu wote, akaniangalia kwa macho ya kushuku.

"Umeleta nini humu, na ndoa yangu imefika?"

Kulipokucha nikarudi Runingu. Nyumba imefungwa kwa kufuli lenye kutu, ufagio hakuna. Mama mmoja aliyekuwa akilima mihogo karibu na pale alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaweka jembe chini.

"Ule alikuwa mutunza bustani wa mukoloni. Siku moja alisindikiza wageni, hawakumwambia arudi. Mutu wa adabu, akaendelea tu. Hawakumuona tena. Sisi tunawaambia wageni wote, musisahau kumurudisha. Weye ulimwambia?"

"Sikumwambia."

"Eh! Basi amelala kwako. Mwambie sasa. Lakini miguu yako itakumbuka."

Nikageuka pasipokuwa na mtu, nikasema, "Inatosha, baba. Rudi." Nikasikia pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo. Kisha zile hatua zikaelekea kwenye jakaranda, polepole, mpaka zikapotea.

Nilidhani yamekwisha. Picha tulipigia ufukweni. Siku ya ndoa nilimsindikiza Furaha mpaka kwa mume wake, mtaa wa Kavimvira. Kwa vilio na nyimbo, akasahau kuniambia nirudi. Nilitaka kugeuka, miguu ikakataa. Niliilazimisha, niliipiga hata kwa ngumi. Ikakataa. Furaha alinikuta asubuhi alipotoka kufagia, nimesimama pale pale mlangoni, na mume wake nyuma yake.

"Shemeji, unachunga nini kwangu?" akauliza yule bwana.

Furaha aliiangalia miguu yangu, akaelewa, machozi yakamtoka. "Yaya, rudi," akasema. Nikarudi.

Tangu siku hiyo shemeji hanikaribishi kwake, na simlaumu. Ningekuwa yeye ningeshuku zaidi. Siku hizi Furaha ndiye huja kwangu, na akiaga husema lile neno kabla sijavaa kandambili.

Basi ukienda kutembelea nyumba za zamani, usiwe bahili wa neno. Na ukipita Rugenge ukaingia kwangu, nitakusindikiza, siwezi kuacha. Utasikia hatua zangu nyuma yako, ujiulize huyu anataka nini. Sitaki kitu. Geuka tu uniambie nirudi.