Sentensi ya Mwisho ya Selestini

Selestini wa Lionja alimaliza kidato cha nne mwaka 1984, akarudi kulima ufuta. Kiingereza alichotoka nacho shuleni kilimponyoka mwaka hadi mwaka, ila sentensi moja aliing'ang'ania: I look forward to hearing from you, yaani natazamia kupata jibu lako. Alijua inakaa mwishoni, juu ya sahihi. Alijua pia kuigeuza, akatazamia kukutana na mtu, kuanza kazi, hata mvua kunyesha.

Barua za kuomba kazi kijijini zilipitia kwake, na watu wakamwita Mwalimu. Desturi ilikuwa yeye atunge, mwombaji anakili kwa mkono wake mwenyewe, kisha alete kuku au ungo wa mihogo mikavu.

Mwaka 1997 shirika moja la kuchimba visima lilifungua ofisi Ruangwa, likatafuta karani mmoja asiyezidi miaka thelathini na tano. Selestini alikuwa na thelathini na tatu. Ikimpita hii, ni jembe mpaka kaburini.

Wakaja majirani saba kuandikiwa barua za kazi hiyohiyo, naye hakuwa na uso wa kuwakatalia. Dada yake Albina alimuuliza tangu lini mtu akawanolea wenzake panga la kugombania naye shamba moja. Seleman, jirani yake wa karibu, aliogopa kupunjwa.

"Mwalimu, usininyime ile ya mkiani. Barua bila mkia ni chura."

Akawapa wote. Yake aliiandika mwisho, akaifunga kwa sentensi ileile. Aliona uchungu kuiacha mali yake.

Kwenye usaili Ruangwa, ofisa aitwaye Doreen alizipanga barua nane mezani, akamwonyesha mwisho wa kila moja. Alitaka kujua amenakili kwa nani. Selestini akajibu kwamba zote katunga yeye. Akapewa karatasi atunge sentensi nyingine kama ile ya mwisho palepale, akaandika tatu zinazoanza kwa maneno yaleyale, bila kosa.

Doreen alizisoma taratibu.

"Basi wewe ndiye uliyewafundisha wenzako saba kunidanganya."

Zote nane ziliwekwa kando. Kazi akapewa Mwamina wa Nachingwea, aliyeomba kwa Kiswahili.

Jioni Selestini alimsimulia Seleman, ambaye alisailiwa kabla yake siku hiyohiyo. Seleman akainama.

"Mimi niliapa kwamba ni yangu. Ningesemaje, Mwalimu? Si ulinipa?"

Selestini akakubali kwamba ndiyo, alimpa, akaingia ndani.