Mwanakheir na Wachezaji Kumi na Tisa wa Tufani

Mjini Unguja, mwenye kutaka pazia lisilozidi dirisha wala kupungua humwendea Mwanakheir binti Mkadam, dukani kwake Mlandege. Macho yake ndiyo futi yake. Na mwenye kutaka habari za Tufani, timu ya mpira ya Jang'ombe iliyotwaa kombe wakati wazee wa leo wangali na nywele kichwani, ni huyohuyo Mwanakheir. Ukurasa wa Tufani katika ensaiklopidia ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote ana ruhusa ya kuandika, kauandika yeye kwenye simu, huku akiwapimia wateja vitambaa. Haya, tutajieni mtaa mwengine wenye mwanamke kama huyo. Hamna.

Dosari yake moja: hajui kumkatalia mtu mzima. Jioni akirudi kwao hupita maskani, barazani wanapokaa wapenzi wa Tufani, na habari za ukurasa zilipoenea, wazee wakaanza kumwita.

"Mwanakheir!"

"Naam, Ami Wakil. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kwenye kikosi cha fainali, mbona sikujiona?"

"Kwani ulicheza, ami?"

"Ala! Unantia aibu mbele za watu?"

Akamtia kikosini. Kesho yake akaja mwengine, kesho kutwa mwengine, wote ami zake. Hata babake mzazi, Mzee Mkadam, akasafisha koo: "Mimi winga wa kushoto." Naye akatiwa.

Asubuhi moja Mwanakheir akafungua simu, akakuta mhariri mmoja wa huko mbali kabandika tangazo juu ya ukurasa. Kikosi cha fainali kina wachezaji kumi na tisa, na hakuna hata chanzo kimoja. Kisipoonyeshwa, ukurasa utafutwa. Tufani yenyewe ilishavunjika zamani, uwanja wake umejengwa nyumba. Ukurasa ule ndio Tufani iliyobaki.

Akafunga duka, jambo asilolifanya hata akiwa na homa, akaenda Nyaraka, Kilimani, kunakowekwa karatasi za zamani, akaomba magazeti ya miaka ile. Akapekua mpaka pua ikajaa vumbi, na habari ya fainali akaipata: wachezaji kumi na moja, kwa majina yao. Ami Wakil hayumo. Na winga wa kushoto alikuwa marehemu Ame Kurwa.

Jioni akasimama mbele ya maskani, simu mkononi.

"Wazee wangu, ukurasa unataka kufutwa. Gazeti la fainali lina kumi na moja tu; sina budi kupunguza watu."

"Anza na Wakil!" babake akacheka.

"Naanza na wewe, baba."

Vikombe vya kahawa vikasita njiani. Mwanakheir hakuondoa kidole kwenye simu. Mzee Mkadam akaweka kikombe chini.

"Gazeti linamtaja nani?"

"Ame Kurwa."

"Ndiye," akasema taratibu. "Mimi nlikuwa nkimbebea viatu. Futa."

Akafuta. Ami Wakil akakohoa. "Na mimi nfute, yakhe, kabla hujantaja kwa sauti." Maskani nzima ikaangua kicheko, na waliobaki wakaomba wenyewe kutolewa.

Tangazo likaondoka. Ukurasa sasa ni mfupi, na gazeti limetajwa chini yake. Na Mzee Mkadam? Anajisifu kuliko alipokuwa winga. Mgeni akipita maskani, humsogezea simu puani:

"Unapaona hapa? Hapa nlikuwepo mimi. Kanitoa mwanangu mwenyewe, mbele za watu! Wewe wako anaweza?"