Jozi Nyingi Kuliko Jirani

Siku ile naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, mwanangu, na si kwa uzuri. Tulikuwa watatu pale sokoni Kariokor, Nairobi, tukitengeneza ndara za ngozi: Kilonzo, Musyoka na mimi. Mpango wetu ulikuwa kuvisha kwaya zote za mitaa ya Eastlands, kwa sababu mwanakwaya hucheza, na ndara inayostahimili kucheza hujiuza yenyewe.

Mpango mzuri. Kilichotuua ni lengo. Kilonzo, na namtaja maana hajawahi kuniomba msamaha, alichungulia kibanda cha jirani, fundi ndara kama sisi, akarudi na lengo lake: kila siku tutoe jozi nyingi kuliko wao. Mwiga tembo kunya hupasuka msamba.

"Na gundi itakauka saa ngapi?" nikamuuliza.

"Wewe shona shanga, siste. Gundi tuachie wanaume."

Musyoka akacheka. Huyo naye alishaacha kushona kamba, alikuwa anapiga vimisumari tu ndio aende mbio. Nikarudia shanga zangu. Na lengo tulilifikia, usidhani hatukulifikia. Kila jioni jirani tulimshinda.

Jozi za kwanza tukawapa kwaya ya kina mama wa Kaloleni. Jumapili, kwenye tamasha la kwaya pale ukumbini kwao, walipoanza kuruka, kamba zikang'oka. Moja ilitua mbele ya mchungaji. Kina mama wakamaliza wimbo miguu mitupu, kwaya nyingine zikitazama.

Kesho yake Mama Ndunge, mkubwa wa kwaya ile, akamwaga gunia la ndara mezani petu.

"Lakini mama," Kilonzo akasema, "hakuna kibanda kinachotoa jozi nyingi kama sisi."

"Kwani jirani ndiye atacheza?" Akanigeukia. "Na wewe mwenye sindano, mdomo wako ulishonwa na nani?"

Hakuna kwaya iliyokuja tena. Kilonzo leo ana duka mtaa wa Huruma, anaambia watu biashara yetu ililogwa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi bado nashona shanga, kwenye kibanda cha yule yule jirani.

Kwa hivyo mwanangu, ukiweka lengo, jiulize: nikilifikia, mpango wangu utakuwa umesogea, ama nitakuwa nimechoka tu? Letu lingefaa kuwa dogo: kwaya moja icheze mwaka mzima bila kamba kung'oka, na kila kazi ijulikane ni ya nani. Ndipo tutafute kwaya ya pili. Na ukiona lengo limeanza kula mpango, sema siku hiyo hiyo, wacheke wakicheka.

Mungu akupe kazi isiyokurudia ndani ya gunia. Na akikupa Kilonzo, akupe na mdomo.