Kistari cha Sirisia

Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa macho na nimeshiba chai. Nasema mapema kwa sababu nawajua watu wa Kitale: ukiwaambia umeona kitu, kwanza wanauliza ulikunywa nini. Nilikunywa chai. Ukitaka, muulize mke wangu, maana yeye ndiye aliyekuwa ameshika simu.

Mimi ni mtu wa kompyuta. Nilisoma masomo ya jioni hapa mjini, mchana nikibeba magunia ya mahindi, na nikafuzu vizuri hadi mwalimu akatoa machozi. Sawa, alikuwa na mafua, lakini machozi yalikuwepo. Chama kimoja cha wafugaji kikanipa kazi ya kutunza seva yao. Mkebe wa maziwa ukiwekwa kwenye mzani, iwe Endebess au Sirisia kule Bungoma, seva inaandika mstari mmoja kwenye logi: saa, kituo, jina la aliyepima. Mpangilio wa mstari huo niliutunga mwenyewe, na niliupenda kama wengine wanavyopenda ng'ombe.

Juma lile mke wangu Everlyne alikuwa amejifungua msichana kwao, karibu na mji wa Bungoma, na mtoto alikuwa hanyonyi. Analia tu. Akishika ziwa, analiachia. Hospitali walimpima wakasema hawaoni ugonjwa. Wazee wa kwao wakasema kuna marehemu anayetaka jina lake. Kwa Wabukusu ndivyo ilivyo: mtoto akilia bila kukoma, majina ya waliotangulia yanatajwa mbele yake, na likitajwa la mwenyewe, ananyamaza. Walikuwa wametaja mabibi, mashangazi, mpaka mjomba wa bibi. Mtoto alizidi kukonda.

Na mimi nilikuwa nimekwama Kitale kwa sababu ya logi. Tangu juma hilo lianze, mistari ya Sirisia ilikuwa inakuja bila jina. Mahali pa jina palikuwa na kistari tu. Vituo vingine, majina kama kawaida. Meneja alikuwa amewaka, kwa sababu maziwa ya Sirisia yalikuwa yameharibika na alitaka ushahidi wa logi kuonyesha nani aliyapokea. "Rekebisha hiyo kitu kwanza, ndio uende kuona mtoto," akaniambia. Hebu fikiria.

Basi Jumapili, baada ya ibada, nikaingia ofisini peke yangu. Nikampigia Wafula, kijana anayepima Sirisia, nikamwomba aweke mkebe mtupu kwenye mzani nione. Kistari. Nikabadilisha mpangilio wa logi, nikawasha seva upya. Kistari. Nikarudisha mpangilio ule ambao seva ilikuja nao ikiwa mpya kabisa. Kistari.

"Wafula, kwani unaingia kwa jina gani?"

"Si lile tu la siku zote, bana. Nelima. Yule mama niliyemrithi. Nilipewa gambuti zake za mpira na paswadi yake."

Sikushangaa. Nilipoajiriwa nililikuta jina la Nelima kwenye logi, na sikuwahi kuuliza mwenyewe yuko wapi. Kwetu kazini ndiyo desturi: mtu akiondoka, anayekuja anaingia kwa jina lake. Nani ana wakati wa kufungua akaunti mpya?

Hapo mvua ya mawe ikaanza. Mawe makubwa kama mayai ya bata, na sitii chumvi, labda kidogo. Mabati yalilia mpaka sikusikia vidole vyangu kwenye kibodi. Lakini sauti hii niliisikia vizuri, kama iliyo sikioni:

"Bado unanitafuta humo?"

Nikageuka. Mlangoni alisimama mama wa makamo, dastikoti nyeupe ya kazi, gambuti nyeupe, ananuka maziwa mabichi. Nikadhani ni mfanyakazi wetu aliyekimbia mvua.

"Karibu, mama. Umenyeshewa?"

Hakuwa na tone hata moja.

"Wewe ndiye yule wa masomo ya jioni," akasema, akinitania. "Umezoea giza mpaka mtu akisimama mbele yako humwoni."

Nikacheka. Niamini, nilicheka! "Mama, niache tu. Kuna jina limenipotea hapa."

"Acha kulitafuta. Mimi nimehama."

"Umehamia wapi?"

"Kwenu."

Kicheko kikanikauka mdomoni.

"Anashika ziwa halafu anaachia, sivyo?" akauliza. Na pale kazini sikuwa nimemwambia mtu habari za ziwa. "Usiniangalie hivyo. Nimekuja kukaa. Lakini siwezi kukaa mahali siitwi. Nisipoitwa nitaondoka, na sitaondoka peke yangu."

Nikainama kushika simu mezani. Nilipoinua kichwa, mlango ulikuwa mtupu. Nikakimbia nje. Uwanja wote ulikuwa mweupe kwa mawe ya mvua, laini, bila alama ya mguu. Mzee Kiprop, mlinzi wetu, alikuwa kwenye kibanda chake cha getini.

"Mzee, huyo mama amepitia wapi?"

"Mama gani? Kijana, mvua hii hata mbwa amekataa kutoka."

Nikampigia Everlyne. Nyuma yake nilimsikia mtoto, sauti imechoka, karibu kuisha.

"Weka simu wote wasikie," nikasema. "Kuna mtu kwenu anaitwa Nelima?"

Kilio kikakatika.

"Rudia," Everlyne akanong'ona.

"Nelima."

Halafu akaanza kulia yeye. "Babake... ananyonya."

Mama mkwe, ambaye kwa heshima hatuongei hivi hivi, siku hiyo alichukua simu mwenyewe. "Mkwe, nani amekutajia huyo?" Nelima alikuwa dada wa baba mkwe. Waligombania shamba, akahamia Sirisia kupima maziwa, akafia huko, akazikwa na majirani. Kaka yake aliapa jina hilo lisitajwe tena kwake. Ndiyo maana katika majina yote waliyotaja, lake halikuwemo.

Juma lililofuata nilimfungulia Wafula akaunti yake, na jina lake likatoka bila shida. Mpangilio wangu haukuwa na kosa lolote. Ile akaunti ya Nelima niliifuta, nikiwa nimefumba macho.

Binti yetu Nelima sasa anakimbia. Lakini kila asubuhi lazima tumwite kwa jina lake lote kabla ya kufungua mlango. Jirani alishinda naye siku moja akimwita "beibi" tu. Jioni tulimkuta midomo imekauka, amekataa hata maji. Baba mkwe akija kututembelea, hakai kabla hajamwita yeye kwanza, na sauti ya mzee hutetemeka.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama kazini kwenu mnaingia kwa jina la mtu aliyeondoka, uliza leo aliondokaje, na kama kwao bado wanamtaja. Jina likipotea kwenye logi, usianze na seva. Piga simu nyumbani kwanza, uulize kama watoto wanakula.