Viatu vya Faris Vilivyotangulia Dar

Nikifungua marka nyeusi, ile nene ya kuandikia maboksi, harufu yake hunipanda puani na papo hapo niko Guangzhou, kule Uchina, tena. Nina miaka tisa, nimepiga magoti juu ya boksi la suruali za jinzi, ulimi nje kwa bidii. Mwandiko mzuri nilijifunza pale, si shuleni. Kazi yangu katika familia ilikuwa kuandika alama za mzigo: juu jina la mwenye mali, chini bandari unakokwenda. Baba alisema mwandiko wake yeye ungeweza kuupeleka mzigo wetu Bombay, na sidhani kama alikuwa anatania.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kidogo, biashara imechanganya, na wazazi wangu, watu wa Dar es Salaam, hawakupata hata nafasi ya kuugua. Utaratibu wetu niliujua kwa moyo. Jinzi zilitoka viwanda vya Xintang, maboksi yakafungwa, kontena likaenda bandari ya Nansha, na wiki chache baadaye Baba akapanda ndege uwanja wa Baiyun kwenda kuupokea mzigo nyumbani. Mzigo ulitangulia, mwenyewe akafuata. Mimi nilidhani dunia nzima inaishi hivyo.

Sasa niwaeleze juu ya Kaka Faris. Alikuwa Mpalestina, mwanafunzi wa chuo kikuu kimoja pale mjini, lakini alizaliwa Upanga, Dar, ambako baba yake alikuwa daktari. Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kabisa, na Watanzania wageni waliposikia "Aisee, nipishe basi" nyuma yao, waligeuka kumtafuta msemaji na kumruka yeye kwa macho. Jumapili alichezea timu ya wafanyabiashara wetu. Siku nyingine alichezea klabu ndogo ya mji ule, kwa malipo, na kila aliyemwona alisema kijana huyu atafika mbali. Kwa kuwa uwanja ulikuwa karibu na kwetu, viatu vyake vya mpira alivianika barazani petu. "Hivyo vitu visivuke mlango wangu," Mama alisema kila wiki, huku akimpakulia pilau.

Watanzania wote wa pale walikwisha kuamua kwamba Faris atachezea timu yetu ya taifa. Baba alikuwa amempa hata namba ya jezi kichwani mwake. Basi Jumapili moja, tukiwa tunakula, Faris akaweka kijiko chini.

"Mzee, wameniita. Timu ya taifa ya Palestina."

Baba akaacha kutafuna. "Na Dar je? Umezaliwa pale, umekulia pale. Nani atakukataa?"

"Hakuna atakayenikataa, mzee wangu, ndiyo maana inaniuma. Lakini babu yangu alifariki akisubiri kurudi kwao. Mimi nikiingia uwanjani, jina lake litasomwa, na watu wa kwao watalisikia."

"Nawe ukishavaa jezi yao, yetu ndiyo basi tena."

"Najua, mzee."

"Mwacheni mtoto ale," Mama akasema, akamwongezea nyama.

Mimi nilinuna. Nilimpenda Kaka Faris kwa roho yote, na niliona tunanyang'anywa. Jumanne yake kontena lilikuwa linafungwa, na kama kawaida tulikuwa na boksi moja la vikorokoro vya kujazia mianya: kanga za shangazi, sufuria za bibi, midoli ya binamu. Nikatoka barazani, nikavichukua vile viatu, nikavizungushia gazeti, nikavitia kwenye kijiboksi changu ndani ya lile boksi. Juu yake niliandika kwa mwandiko wangu bora kuliko wote: FARIS, DAR ES SALAAM. Wala sikuona kama nimeiba. Mzigo wake umetangulia, kwa hiyo lazima atafuata.

Alhamisi akaja kuvichukua. Alikuwa anasafiri Jumapili, na vile ndivyo viatu vilivyoujua mguu wake. Tukatafuta barazani, chini ya vitanda, hata jikoni. Baba alipoanza kumshuku jirani asiye na hatia, nikaangua kilio.

"Viko kwenye kontena."

Baba akampigia simu wakala wa mizigo. Sauti ya wakala, aliyemwita Baba "laobani", yaani bosi, niliisikia hadi nilipokaa: "Laobani, limeshapigwa sili! Liko Nansha, halifunguliki!"

Nikaulizwa kwa nini, nikaeleza mambo ya mzigo kutangulia. Faris akachuchumaa mbele yangu akacheka mpaka akajifuta macho, na akaendelea kujifuta hata kicheko kilipokwisha. Mama hakucheka. Sikio langu la kushoto lilibaki na joto hadi magharibi.

Baba akamzungusha sokoni siku nzima. Mguu wa Faris ulikuwa mkubwa, na kila kibanda walijibiwa "meiyo", hakuna, kabla hata hawajamaliza kuuliza. Walivyopata hatimaye vilikuwa vigumu kama mbao. Na Mama, yuleyule wa mlango wake, akamwambia avae soksi mbichi atembee navyo sebuleni mwetu hadi vilainike. Siku mbili zulia letu lilikanyagwa na njumu.

Jumapili asubuhi Faris akanipa marka. "Mdogo wangu, niandikie begi langu."

Nikaandika jina. "Bandari gani?"

Akapatazama pale chini ya jina. "Paache wazi."

"Utapotea, Kaka! Mzigo usio na bandari unapotea."

"Huu nimeubeba mwenyewe," akasema.

Mechi tuliitazama mgahawani kwa Waarabu. Ilikuwa mechi yao ya nyumbani, lakini ikachezwa katika nchi nyingine, jambo ambalo nilimuuliza Baba mara tatu, naye akaniambia nile chipsi zangu. Faris aliingia kipindi cha pili. Mtangazaji alipolisoma jina la ukoo wake, Baba akasimama juu ya kiti. "Huyo wetu!" akapiga kelele kwa Kiswahili. Mgahawa mzima ukampigia makofi.

Lile la kuacha pa bandari wazi nilikuja kulielewa nikiwa mtu mzima, nina wateja na makontena yangu mwenyewe. Nilikuwa nimemdai mwanzo wa safari kitu ambacho familia yake haikuwa nacho tangu babu yake: mahali pa kutanguliza mzigo, na mtu wa kuupokea.

Viatu vilifika Dar salama, bibi akaviweka kabatini. Mwaka jana Faris alipita Dar na wanawe, nikamletea kile kijiboksi. Alipitisha kidole juu ya maandishi yangu, akavitoa viatu, akavinusa, akawaonyesha watoto. Kisha akavirudisha kwenye gazeti lake lilelile la Kichina.

"Huvichukui?" nikamuuliza.

"Nivichukue niende navyo wapi? Hivi vimeshafika."

Akanirudishia boksi, nami nikalirudisha kabatini kwa bibi.