Namba Iliyokwaruzwa Kwenye Santuri

Mwanangu, nikikuona unapanga vitu vya kutupa, nakumbuka siku shangazi alipokuja Mtwara kututembelea. Ilikuwa miaka ya sitini. Baba alikuwa karani bandarini, tukikaa Likombe, nami nilikuwa msichana wa sekondari.

Tulikuwa na santuri ya kwaya na kinanda, nyimbo za kale za Ulaya, na aliyeimba peke yake humo alikuwa mama. Alifariki nikiwa mchanga. Sauti yake ilibaki humo tu, na baba hakupenda kuipiga, ilimuuma. Basi jirani aliyehamishwa kikazi alipotuachia santuri kama ile, jalada lile lile, mpya inang'aa, baba akaona mbili za nini. Yetu yenye mikwaruzo akampa mwalimu mmoja wa mtaa wa Chuno.

Shangazi aliwahi kuimba kwaya moja na mama. Akaomba tumpigie. Wimbo ulipoanza tu, akainua mkono.

"Kaka, huyu si wifi yangu."

Akaitoa santuri, akaielekeza dirishani, akatuonyesha sehemu laini inayozunguka lebo, pasipo na wimbo. Palikuwa pamekwaruzwa tarakimu 2. Mama alipoacha kwaya akaolewa, shangazi alisema, walirekodi upya na mwimbaji mwingine, wakachapa tena bila kubadili jalada. Ya kwanza, yenye sauti ya mama, ina 1. Baba akakiri kwamba hiyo alikwisha kuigawa.

"Na wewe kaka, umetoa kitu cha marehemu bila kuuliza mtu?"

Baba alichukua baiskeli, mimi nikakaa kwenye keria, tukaenda Chuno.

Tulimkuta mke wa mwalimu uani, sufuria inachemka. Santuri mbovu alizilainisha kwa maji ya moto, akazikunja kuwa bakuli za korosho. Wengi tulifanya hivyo, zilipendeza mezani. Tatu zilikuwa tayari bakuli. Baba akageuza moja moja juani zile zilizobaki, mpaka akaiona ile 1.

"Hiyo imekwisha, Baba Stella," mke wa mwalimu alisema, akimwita kwa jina langu. "Nikupe nzuri."

"Ahsante, mama. Mwenyewe yumo humu."

Jioni hiyo nilimsikia mama, mikwaruzo na yote. Baba alilia mbele yetu bila kujificha.

Kwa hiyo, mwanangu, usiache cha zamani kwa sababu umepata kipya chenye sura ile ile. Kigeuze kwanza, na umuulize aliyekijua. Mungu akujalie mikono isiyo na haraka, na nyumba yako isikose sauti za watu wako.